Kipimo cha Siku ya Mshtuko

Barabara ya kwenda Tahadhari sitaieleza. Nitasema tu kwamba nilikwenda kwa miguu yangu, akili zangu zikiwa timamu, na kilichonipeleka ni shingo. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka minane shingo yangu ilikuwa ikiniuma upande wa kushoto, kuanzia nyuma ya sikio hadi kwenye mfupa wa bega. Nilikwisha kuchuliwa, nikakandwa kwa maji ya moto, nikabadilisha mto mara nne, na nikagombana na kila aliyenishauri nibadilishe wa tano. Ndipo nikasikia kwamba iko nchi ambayo serikali yake nzima imeundwa kwa ajili ya shingo. Nikasema hawa hawakosi kujua kitu.

Askari wa lango alikuwa kijana wa umri wa kuzaliwa na mimi. Aliniuliza, "Umeshtuka?"

"Sijambo, mwanangu," nikamjibu. "Na shikamoo yako umeiacha wapi?"

Akarudi nyuma hatua moja, huku ameshika kifua. Baadaye nilijua kwamba huko hujibiwi hivyo. Anayeulizwa "Umeshtuka?" husema "Nimeshtuka, wewe je?" na mwenzake humalizia "Bado nashtuka," kisha wote wawili wanaridhika na safari inaendelea. Nilidhani atanifukuza. Lakini alinitazama mabega, ambayo kwa uchovu na mazoea yalikuwa yamepanda karibu na masikio, uso wake ukalegea.

"Mabega yako," alisema, akapumzika kidogo. "Ni mazuri. Una uchungu. Na nchi. Pita."

Nikapita nikiwa nimefurahi, maana ni muda mrefu mtu hajanisifia kiungo chochote.

Watu wote wa Tahadhari husema hivyo, maneno mawili matatu kisha kituo. Sikuwaelewa mapema. Nilifikiri ni adabu yao, au maringo. Wimbo wa taifa lao una maneno tisa na huimbwa kwa vituo vinne. Harusini bwana arusi hujibu "Nime" kwanza, na "kubali" baada ya kunywa maji. Hakuna anayegeuza kichwa peke yake. Mtu akitaka kuona kilicho kando yake huzungusha mwili mzima kwa miguu, kama anayehamisha kabati, na kwa sababu hiyo barabara zao zimejengwa pana mno. Sokoni kila mchuuzi ametundika vioo viwili, kimoja kila upande, ili aone mteja anayemjia ubavuni. Rafu zote za nyumbani ziko usawa wa macho. Watoto tu ndio wanaogeuka, wanaoinama na kucheka kwa sauti, na wazazi wao huwatazama kwa huruma, kwa kuwa wanajua miaka kumi na minane si mingi.

Niliuliza kuhusu hiyo miaka kumi na minane, nikapelekwa kuona Nyumba ya Vipimo.

Sheria yao ni hii. Zamani mto wa nchi hiyo ulifurika. Waliokuwa wametulia walichukuliwa na maji, walioshtuka wakapona. Waliopona ndio walioandika sheria, na waliandika walichokijua. Kila kijana akifikisha umri huo huvuliwa shati na kusimamishwa nyuma ya pazia. Upatu mkubwa hugongwa ghafla nyuma ya kichwa chake, na palepale anaporuka, mabega yakiwa juu na pumzi imekatika, karani hukaza futi kifuani na kusoma. Hicho ndicho kipimo chake cha uraia. Hushonewa kizibao cha turubai kwa kipimo hicho, kutoka kwapani hadi kitovuni, na hukivaa mpaka kufa, ila wakati wa kuoga. Juu ya mlango wa nyumba hiyo wameandika kifungu cha pili cha sheria yao, nami nilikinakili: Kipimo kilichosomwa siku ya mshtuko hakisomwi tena.

"Kwa nini mnapima mtu akiwa ameshtuka?" nilimuuliza karani.

"Aliyetulia," alisema, "anaweza kudanganya."

Ningecheka, lakini nilikuwa mgeni, na pia kuna kitu kilinibana kifuani ambacho sikukielewa.

Sasa hebu fikiria. Watu tisini katika kila mia wanaumwa shingo. Wanaumwa kichwa kinachoanzia kisogoni, vidole vinakufa ganzi, usingizi hauwakai. Kwa hiyo limeundwa Baraza la Shingo, lenye wajumbe ishirini na mmoja, ambalo halijakosa kukutana hata siku moja. Nilihudhuria vikao vitatu. Katika cha kwanza walijadili kama mto wa kulalia uwe wa sufi au wa mchanga, na hawakupatana. Katika cha pili mjumbe mmoja alipendekeza kupiga marufuku vitu vya pembeni. Katika cha tatu walitunga adhabu kwa wanaopiga miayo hadharani, kwa kuwa muayo ni dalili ya utulivu. Kizibao hakikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nilitoka mle shingo ikiniuma kuliko nilivyoingia.

Kisha wakagundua kwamba mimi ni fundi. Fundi yeyote anayeingia nchini hulazimika kuishonea Nyumba ya Vipimo kwa siku ishirini kabla ya kuruhusiwa kutoka. Nikapewa cherehani, robota la turubai, na mwenyeji wa kunilaza.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Sikudhani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye macho ya mtu anayesubiri habari mbaya kwa heshima. Alikuwa mpiga baragumu wa nchi. Nyumba yake ilikaa juu ya jabali linaloutazama mto, na kazi yake ilikuwa moja tu, maji yakipanda apulize baragumu la shaba, mji mzima usikie na kupanda mlimani. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, Bi Mosi. Lakini ulikuwa mwezi wa tisa sasa baragumu halitoki sauti. Alilijaribu mbele yangu asubuhi ya kwanza. Shingo yake ilisimama kamba mbili kila upande, mabega yakapanda, uso ukajaa damu, na kilichotoka ni kama birika linalotaka kuchemka likaahirisha.

"Masika," alisema alipoweza kusema, "ni wiki tatu. Zimebaki."

Akanionyesha karatasi ya Baraza. Daktari Pandu, mganga mkuu wa shingo, alikuwa amempima na kuamuru afungwe gango la maisha. Hilo ni gango la mbao za mninga, linashika kisogo na kushuka hadi katikati ya mabega, linakazwa kwa skrubu, na halifunguliwi tena. Tarehe ilikuwa siku ya saba kutoka ile. Baragumu angepewa mwingine, ingawa hakuna mwingine aliyepatikana.

"Shangazi alifungwa," aliniambia. "Bi Mosi. Masika mawili. Halafu akafa. Kifua. Hewa haikuingia." Akazungusha mwili mzima kunitazama. "Wakaandika shingo."

Nilimwekea chai, tukanywa. Nami nilikuwa na hofu, tena ya waziwazi, ya kwamba nimekuja kutafuta dawa kwa watu wanaouana taratibu, na kwamba kesho nitaketi kwenye cherehani niwashonee.

Fundi akiona nguo inabana hawezi kukaa kimya, ni ugonjwa wetu. Siku ya pili nilimwomba avue kizibao nimpime. Nilizungusha futi chini ya kwapa zake nikamwambia atoe pumzi. Inchi thelathini na tatu. Nikamwambia avute. Inchi thelathini na tatu. Nikadhani futi imenasa, nikarudia, ikawa ileile. Hata bila kizibao kile kifua hakikuwa kikifunguka, miaka ishirini na miwili kilikwisha kuzoea. Nikaweka kiganja mgongoni, kati ya mbavu zake za nyuma, pakawa kimya kama ubao wa kukatia. Kilichokuwa kikisogea kila alipovuta hewa ni mabega na shingo peke yake. Ile misuli ya shingo ilikuwa inainua kifua kizima kwa nguvu zake, mara elfu ishirini na zaidi kwa siku, usiku na mchana, na haijawahi kupewa likizo.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mteja akija dukani kwangu analalamika kola inamkaba, mimi siigusi kola. Namwambia ainue mkono. Nguo ikiwa imebana kwapani au mgongoni, kila anapojinyoosha inavuta kola. Ukipanua kola unaharibu nguo bure. Shingo yako haina kosa. Inafanya kazi ya mgongo, ya mbavu na ya tumbo, na wenyewe wamefungwa turubai."

Akauliza, "Na wewe, dada? Yako. Ilipimwa lini?"

"Mimi sina kizibao."

"Blauzi hiyo."

Nilimwambia ilipimwa zamani, nikabadilisha mazungumzo. Ni kweli nguo zangu nazikata kwa karatasi ileile miaka yote, mwili wangu naujua, wa nini kujipima.

Nikafumua mishono ya ubavu ya kizibao chake kwa wembe. Nikatia kila upande kipande cha kanga laini, upana wa vidole viwili, nikakunja turubai juu yake ili ukitazama kwa nje usione kitu. Hilo ni kosa la jinai Tahadhari, na kwa hofu nilijichoma kidole. Alipokivaa nilimwambia aweke viganja ubavuni na kuvuta hewa kwa pua, polepole, mpaka viganja visogee.

Vikasogea. Kidogo tu. Yeye akaanza kulia.

"Naogopa," alisema. "Nimefanya nini? Naona kama. Kuna mtu atakuja."

Sikutegemea hilo. Nilidhani pumzi humfurahisha mtu. Lakini aliyefundishwa kwamba hofu ndiyo inayomweka hai, ukimpunguzia hofu anaona umemvua nguo barabarani. Kizunguzungu kilimshika, akaketi sakafuni. Tukaacha. Kesho yake tukajaribu tena, pumzi tano tu. Keshokutwa nilikunja blanketi nikaliweka sakafuni, akalala chali lipite chini ya mabega yake, mikono kaitupa pembeni, mgongo ukalia ko, ko, tukatazamana. Sikumponya, na sitaki mtu aseme nilimponya. Shingo iliendelea kuuma. Ila siku ya tano alikuwa ameketi anamenya ndizi, mlango ukagongwa, naye akageuza kichwa kuutazama. Kichwa peke yake, miguu imetulia. Tukabaki hivyo, ndizi mkononi, hata tukasahau aliyegonga.

Aliyegonga alikuwa tarishi wa Baraza. Kikao cha gango kilikuwa kesho kutwa saa tatu.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa Baraza, Mheshimiwa Ngwali, alikuwa mzee mnene, mstaarabu, mwenye mabega ya juu kuliko yote niliyowahi kuona, na inasemekana alichaguliwa kwa hayo. Nilipewa ruhusa ya kusema kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa mgonjwa, au yeye mwenyeji wangu, hawakutofautisha. Nikaeleza mambo ya kola na kwapa. Sikutaja kanga.

Daktari Pandu alisimama. Alikuwa mtu mwembamba, si mbaya, naye mwenyewe alikuwa akijikanda shingo kwa kidole gumba wakati wote.

"Fundi anazungumzia mgongo," alisema. "Mgongo si wetu. Hili ni Baraza. La Shingo."

"Basi tupeleke shauri Baraza la Mgongo," nikasema.

"Lilivunjwa," alijibu Mheshimiwa Ngwali. "Lilikuwa halina. Wagonjwa."

"Na pumzi je, waheshimiwa? Pumzi iko chini ya nani?"

Makarani wakafungua majalada. Wakatafuta kwa muda wa kutosha kupika wali. Ikaonekana pumzi haiko chini ya mtu yeyote. Mjumbe mmoja akasema kisicho chini ya mtu hakiwezi kuwa sababu ya kitu, na wengi wakaona amesema vizuri.

Bi Sikudhani alikuwa amesimama katikati, baragumu mkononi. "Waheshimiwa," alisema, "ninaomba kupuliza baragumu hapa, mbele yenu, kabla hamjanifunga." Ilikuwa sentensi nzima bila kituo. Nilimwona Daktari Pandu akiinua macho.

Wakamkubalia, nadhani kwa huruma. Akafunga macho. Niliona kizibao kikifunguka ubavuni, vidole viwili, na mabega yamebaki chini. Akapuliza.

Sijasikia sauti ya namna hiyo tena. Madirisha yalilia. Mji mzima ulisimama, na chini ya jabali watu wakaanza kukimbilia mlimani mpaka walipotumwa watu wa kuwarudisha. Ndani ya ukumbi wajumbe wote ishirini na mmoja walikuwa wamesimama juu ya viti, mabega yamegusa masikio, pumzi imekatika. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu nifike. Nilidhani tumeshinda.

Mheshimiwa Ngwali ndiye aliyepata sauti kwanza. Alikuwa anang'aa.

"Mshtuko," alisema. "Kamili."

Hukumu ilisomwa palepale. Gango limefutwa, kwa kuwa Bi Sikudhani amepona shingo kwa juhudi za Baraza. Upatu wa Nyumba ya Vipimo, ambao watu wamekwisha kuuzoea, unastaafishwa. Kuanzia siku hiyo wananchi watapimwa kwa mshtuko wa baragumu. Na kwa kuwa mshtuko wa zamani ulikuwa hafifu, vipimo vyote vya zamani si halali, watu wazima wote watapimwa upya, na Baraza linakadiria kwamba vizibao vitapungua inchi mbili kila kimoja. Kwa kuwa baragumu huziba masikio, mafundi hawatangoja amri ya mdomo. Watatazama baragumu, na litakaposhuka kutoka kinywani mwa mpigaji, watasoma. Mpigaji akikataa kazi, atafungwa gango.

Inchi mbili. Mimi najua inchi mbili ni nini kifuani mwa mtu. Nilirudi jabalini nikiwa na aibu hata nikashindwa kumtazama Bi Sikudhani. Nilikuwa nimempa mwanamke pumzi, nao wameichukua kukabia watu wengine.

"Ungeniacha," alisema. Hakusema kwa hasira. "Ningekufa peke yangu."

Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu. Alikuwa akilala juu ya blanketi lake, akivuta hewa na kuitoa, huku ametazama dari. Nami nilikuwa nashona na kusikiliza shingo yangu ikiuma.

Siku ya kupimwa watu walipangwa thelathini thelathini katika ua wa Nyumba ya Vipimo, vizibao wamevua, kila mmoja na fundi wake. Kundi la kwanza walikuwa wajumbe wa Baraza, ili wawe mfano, pamoja na mganga wao mkuu na mafundi seremala wa serikali. Mimi niliangukia Mheshimiwa Ngwali mwenyewe. Nilimzungushia futi. Kipimo chake cha ujana kilikuwa thelathini na nane, nacho kilimwacha na alama nyekundu kiunoni na kwapani kama za kamba ya kufungia mzigo. Ngozi yake ilikuwa na baridi. Mtu yule alikuwa anaogopa kweli, sikujua hilo mpaka nilipomshika.

Bi Sikudhani alipanda jukwaani. Akainua baragumu, akaliweka mdomoni, akavuta hewa. Watu thelathini wakajikaza, mabega juu, macho yamefumba, pumzi zimezuiwa. Futi ikalegea mkononi mwangu kwa jinsi alivyojibana.

Hakupuliza. Aliitoa ile hewa kwa pua, taratibu, baragumu likiwa bado mdomoni. Akavuta nyingine. Akaitoa.

Ua wote ukangoja. Kungoja mshtuko ni kazi kubwa kuliko kushtuka, nadhani kila mtu analijua hilo kwa namna yake. Nilihesabu pumzi zake, moja, mbili, nne, saba. Mheshimiwa Ngwali alianza kutetemeka chini ya futi yangu. Jasho likamtoka. Uso ulimgeuka rangi. Mtu hawezi kuizuia pumzi milele, hata awe na cheo gani. Wa kwanza kushindwa alikuwa Daktari Pandu. Nilimsikia nyuma yangu akishusha pumzi ndefu, yenye mlio, pumzi ya mtu aliyetua gunia. Kisha seremala mmoja. Kisha wakafuatana, na wakishashusha inawabidi wavute, na walikuwa na njaa ya hewa, wakavuta mpaka ndani. Nikahisi mgongo wa Mheshimiwa Ngwali ukifunguka chini ya viganja vyangu, mbavu moja moja, futi ikiteleza vidoleni, na yale mabega mashuhuri yakashuka, yakashuka, yakakaa mahali ambapo mabega ya watu hukaa.

Hapo Bi Sikudhani akashusha baragumu.

"Arobaini na mbili," nikasoma, kwa sauti.

Mafundi wengine wakasoma na wao, kulia na kushoto, kwa kuwa ndiyo amri waliyopewa. Makarani wakaandika kwa kuwa ndiyo kazi yao. Niliona mjumbe mmoja akikitazama kile kifungu cha pili juu ya mlango. Ili akione alikuwa ameinua kichwa.

Mheshimiwa Ngwali akafungua mdomo. Nilimtazama karibu sana, na niliona kwamba kwa kitambo alikuwa na uso wa mtoto aliyeamshwa. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Mkamateni mwanamke huyu aliyelidharau Baraza na kuichezea siku kuu ya nchi yetu mbele ya macho ya wananchi waliomwamini na kumpa kazi ya heshima, mpelekeni kwa mafundi seremala, afungwe gango la maisha leo hii kabla jua halijatua."

Aliposhtuka alikuwa amefika mwisho. Hakuwa ameweka kituo hata kimoja. Akagusa koo lake. Watu wote walimsikia, na nadhani yeye mwenyewe ndiye aliyesikia zaidi, lakini hakuitengua.

Askari wawili wa walinzi, ambao zamu yao ya kupimwa ilikuwa haijafika, walimshika mikono wakampeleka. Walipofika mlangoni yeye aligeuza kichwa, juu ya bega la kushoto, akanitazama. Askari wakazunguka mwili mzima kujua anatazama nini, wakagongana vizibao. Nilitaka kumwambia neno. Nilikuwa na futi mkononi, nikaipunga hewani, upuuzi mtupu, ndicho pekee nilichoweza.

Siku zangu ishirini zilikuwa zimebaki nne. Nilishona vizibao thelathini kwa vipimo vipya, vilegevu, vya kisheria, na kila nilipomvalisha mtu nilimuuliza habari za Bi Sikudhani. Yuko chumba cha nyuma cha karakana, waliniambia. Yule seremala aliyekuja kuchukua kizibao chake siku ya mwisho ndiye aliyekuwa na kazi ya gango. Alikivaa, akavuta hewa, akakaa nayo kidogo.

"Mninga niliopewa ni mbichi," alisema, akipangusa vumbi la mbao mikononi na bila kunitazama. "Mbao mbichi haishiki skrubu. Nimewaambia wangoje ikauke, ndiyo kanuni ya kazi yetu, na Baraza linaheshimu sana kanuni."

"Itakauka lini?"

"Wakati huu wa mawingu? Fundi, wewe na mimi tunafanya kazi kwa mikono. Unajua."

Nikatolewa nchini siku hiyo hiyo. Askari wa lango aliniuliza kama nimeshtuka, nikamwambia ndiyo, na nilikuwa nasema kweli.

Nyumbani nilifungua mtungi wa karatasi zangu za kukatia, nikatoa ile ninayokatia blauzi zangu. Pembeni nilikuwa nimeandika tarehe kwa penseli, kama tunavyofanya. Ilikuwa ya miaka minane nyuma, siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu. Nilijipima mwenyewe siku ile, mbele ya kioo, ili nishone nguo za eda. Inchi thelathini na nne. Niliketi na ile karatasi mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua futi, nikajizungushia, nikaweka kiganja ubavuni na kungoja kisogee. Kilikawia. Nililia kidogo, kama yeye. Nikaandika thelathini na tano na nusu, na tarehe mpya.

Shingo bado inaniuma asubuhi nyingine, hasa ninapokuwa nimelala na mawazo. Nina blanketi langu la kulalia, nina blauzi mbili mpya. Masika yameanza huku kwetu, na huko pia nadhani yameanza. Nikisikia mvua naogopa mara mbili. Naogopa mto wao unapanda na jabalini hakuna mtu. Halafu natoka kibarazani, navuta hewa mpaka mgongoni, na naomba iendelee kunyesha, mbao zisikauke.